Fundo la Gerezani

Jumatatu, hapa Same. Upepo umeamka kabla yangu. Umejaza vumbi sebuleni na mabati ya jirani yanagonga tangu alfajiri. Sina hamu ya kufagia. Sina hamu ya kitu chochote, kusema kweli, isipokuwa kuandika.

Mnaopita kwenye ukurasa huu mmezoea kunisoma nikilalamikia magoti yangu na kuku wa watu. Leo mtanisamehe.

Asubuhi nilikuwa nachambua maharage ya makande, redio inaongea peke yake kama kawaida. Nikasikia watu wanajadiliana kama wafanyabiashara wanaonunua vitu vilivyotengenezwa na wafungwa wapunguziwe kodi. Mmoja anasema itawasaidia wafungwa kujifunza kazi. Mwingine anasema itawaumiza mafundi wa mitaani. Walibishana kwa adabu, kisha likaja tangazo la sabuni.

Mimi nilikuwa nimeshaacha maharage.

Mpango kama huo niliwahi kuuona, hapa hapa Same, miaka ile ya Ujamaa, nikiwa binti wa miaka ishirini. Sijui kama ulikuwa wa nchi nzima au ulikuwa wa wakubwa wa hapa kwetu tu. Sisi wa nyuma ya kaunta hatukuelezwa. Ninachojua ni kwamba ulinipa kitu nilichokipenda kuliko kula, na sijawahi kukaa nikamsimulia mtu. Hata marehemu mume wangu hakujua.

Nianzie nyumbani, Mhezi, huko juu milimani.

Sitawasemea Wapare wote, lakini mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Kijana akimtaka binti hakutuma maneno. Alikata kuni mwenyewe, akazifunga mzigo, akajitwika kichwani mchana kweupe mpaka kwa mama wa binti. Kubeba kuni kichwani ilikuwa kazi ya wanawake, kwa hiyo aliyethubutu alikuwa amekubali kuchekwa njia nzima. Akifika anautua mlangoni na kuondoka bila neno. Mama akilifungua fundo kwa mikono, kijana amekubaliwa. Kamba ikikatwa kwa kisu, amekataliwa, na vipande vinaachwa njiani avione. Hakuna kuuliza, hakuna kueleza. Yameisha.

Aliyenitaka mimi, Sefania, alileta mzigo wake siku ya watu wengi, makusudi, mtu yule. Alikuwa mrefu, mbishi, na akicheka anafunika mdomo kwa sababu ya pengo. Kuni zake alizifunga kwa fundo la ukoo wao, ambalo kwenye mteremko mzigo ukicheza ndiyo kwanza linakaza. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya migomba. Mama akalivuta, likakaza. Akalivuta tena, likakaza zaidi. Nikaona anaangalia kisu cha ndizi pale kizingitini, nikatoka mafichoni bila aibu yoyote nikasema, "Mama, usivute. Sukuma mkia urudi ndani."

Likafunguka. Mama akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe ulishalichunguza."

Hatukufika hata kwenye mahari.

Kwetu kuna ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji, na kila shamba lina zamu yake ya kufunguliwa. Zamu ya mama yake Sefania iliibwa na jirani. Sefania akaenda kuuliza, maneno yakawa makali, mpini wa jembe ukamvunja jirani mkono. Wazee walitaka yaishe kwa mbuzi na neno la samahani. Sefania mbuzi alikubali kutoa. Samahani alikataa. Alisema zamu ilikuwa yao, aombe radhi ya nini? Kesi ikateremka mpaka mahakamani na huko nako akakataa. Mpare na haki yake, mnatujua wenyewe. Akapewa miaka mitatu kwa neno moja ambalo lingemtoka kwa pumzi moja.

Nilimkasirikia sana. Usiku nilimlilia, mchana nilimkasirikia.

Mwaka huohuo niliteremka Same kuuza dukani kwa baba mdogo Kalebi, binamu yake baba. Alikuwa anauza majembe, misumari, ndoo na kamba. Alikuwa Msabato wa kweli, Ijumaa jua likielekea kuzama anafunga duka hata kama kuna mteja katikati ya kupima misumari. Na mkono wake ulikuwa mgumu. Gazeti la kufungia misumari alinitaka nikate vipande vidogo, kisha anakuja kuangalia kama vimekuwa vidogo vya kutosha.

Ndipo bwana kodi akaja na barua. Duka litakalonunua kazi za wafungwa litapunguziwa kodi, mradi kila mzigo uwe na hati yenye mhuri wa gereza. Baba mdogo aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema kamba ni kamba. Kuanzia hapo, kila Alhamisi lori lilituletea mabunda ya kamba za katani kutoka gerezani, huko tambarare. Kazi yangu ilikuwa kuyapokea, kuyapanga na kuzitunza hati kwenye jalada. Wafugaji walizipenda sana kwa kufungia ndama. Mama mmoja wa Kimasai alizijaribu kwa meno kabla ya kununua, na hakuwahi kukosea.

Alhamisi ya tatu au ya nne, nikainua bunda, nikaona fundo.

Lilikuwa lile lile. Mkia umezunguka mara mbili na kurudi chini ya kamba yenyewe. Nilikaa chini sakafuni na bunda mapajani. Baba mdogo akauliza kama naumwa, nikasema ni jua.

Mtaniuliza kwa nini sikumwandikia. Ningemwandikia kama nani? Sikuwa mke wala ndugu. Na binti asiyetolewa mahari akasimame kwenye lango la gereza, Mhezi nzima ingejua kabla sijarudi. Lakini sasa nilikuwa na barua zangu. Kila Alhamisi alikuwa ananibebea kuni mbele ya watu, na mimi peke yangu ndiye niliyemwona.

Nami nilimjibu. Lori likishaondoka nilijifungia stoo, nikalifungua kila fundo kwa mikono, taratibu, nasukuma mkia ndani. Kisha nililifunga bunda upya kwa fundo la kawaida na kulipanga rafu. Hakuna bunda lililouzwa kabla sijaliambia ndiyo.

Nilikuwa na furaha. Naliandika hili leo: sijawahi kuwa na furaha kama ile ya stoo, na harufu ya katani, na vidole vimechubuka. Mama alinitumia salamu kwamba kuna mtu wa kijiji cha Mamba, mkulima wa tangawizi, mtaratibu, ananiulizia. Nikamjibu kwamba nimeshafunguliwa mzigo. Akaniambia mwenye mzigo yuko jela na hakuna anayejua kama ananikumbuka. Nilicheka peke yangu. Laiti mama angejua.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile.

Jumamosi tulikuwa kanisani, duka limefungwa. Jumapili asubuhi nakuja kufungua nakuta foleni, kwa sababu majembe yalikuwa yamefika baada ya kukosekana muda mrefu, na mvua ziko karibu. Upepo ulikuwa kama huu wa leo. Kufika mlangoni nikakuta kipande cha kamba kimefunga kitasa na msumari wa fremu. Nikadhani ni jirani, kelele za mlango zimemchosha akaufunga usigonge. Nikavuta. Kikakaza. Watu nyuma yangu wanasukumana, mmoja anasema binti amka basi, vumbi limenijaa machoni. Nikachomoa kisu cha kukatia kamba kwenye aproni nikakata. Vipande nikavisukuma kwa mguu pembeni ya ngazi, nikafungua duka.

Fundo sikuliangalia hata.

Alhamisi iliyofuata mabunda yakaja na fundo langu kama kawaida, na iliyofuata tena. Sikuwa na sababu ya kukumbuka kipande cha kamba. Mwaka ukapita hivyo.

Kisha ikaja barua nyingine. Baba mdogo alikuwa amekwenda Mhezi msibani, nikaipokea mimi. Nafuu ya kodi imekoma, watakaoendelea kununua kazi za wafungwa watanunua kwa hiari yao na kodi watalipa yote. Niliisoma nimesimama. Nilimjua baba mdogo. Bila ile nafuu angenunua kamba za kiwandani, zilikuwa laini na wateja wa mjini walikuwa wameanza kuziulizia. Lori lisingekuja tena. Sefania angefunga mafundo yake yakaenda duka gani, kwa mkono wa nani?

Nikaikunja barua, nikaiweka chini ya karatasi iliyotandikwa kwenye droo ya misumari.

Sijawahi kuiba hata sukari ya mtu. Ila ile niliiba, na niliendelea kuiiba kila Alhamisi kwa miezi. Nilikuwa napokea mzigo, natunza hati ambazo hazina kazi tena, na baba mdogo akiniuliza karatasi za kodi ziko sawa, namjibu ziko sawa. Akifika bwana kodi nilikuwa natafuta kazi stoo. Kanisani sikuweza kuimba.

Siku moja akaingia mtu wa Kigoma. Alikuja zamani kukata mkonge, akafungwa kwa ugomvi wa pombe, sasa ametoka na anaishi kijiji cha ujamaa huko Bendera. Alitumwa kununua kamba za ng'ombe wa kijiji. Lori lilikuwa limeondoka muda si mrefu na mabunda yalikuwa bado mlangoni, sijayafungua. Akainama, akashika fundo, akatabasamu.

"Dada, kumbe bado wanalifunga hivi. Hili ni fundo la mwalimu wetu."

Nikamuuliza mwalimu gani. Akasema Mpare mmoja, Sefania, aliwafundisha karakana nzima, na sasa hata wanaoingia wapya wanafundishwa, bwana jela analipenda kwa sababu bunda halifumuki njiani. Alikuwa anaongea huku analifungua na kulifunga tena, upesi upesi, vidole vyake vinene havikosei. Mgeni kabisa, wa Kigoma.

Nikamuuliza Sefania yuko wapi. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Ah, yeye alitoka zamani, kwa msamaha. Tuko naye Bendera, kijiji kimoja." Akatikisa kichwa. "Alipata pigo yule. Kuna binti hapa Same alikuwa anamtegemea, ndugu zake walishamwambia duka analouza. Siku aliyotoka ilikuwa Jumamosi, akakuta wamefunga, naye hakutaka kuingia kanisani na nguo za kutokea jela. Akamfungia fundo mlangoni, ndiyo mila yao. Jumatatu anapita, anakuta kamba imekatwa vipande na imetupwa pembeni. Hakuuliza. Akaja zake Bendera. Sasa ameshaoa, mkewe mjamzito."

Alinunua mabunda mawili. Nilimrudishia chenji yake, nikamtakia safari njema.

Mafundo yote niliyoyafungua tangu atoke, mwaka mzima na zaidi, nikiwaambia ndiyo watu nisiowajua, wezi wa ng'ombe na walevi, Mungu awabariki. Na moja tu lililokuwa lake kwa mkono wake, lililoniuliza mimi, nililikata.

Jioni ile nilitoa barua kwenye droo, nikaiweka mbele ya baba mdogo. Nilipiga magoti. Nilimwambia yote, kuni, Sefania, stoo, mlango, kodi. Nilitegemea anifukuze, na ilikuwa haki yake.

Hakuifungua barua. Alivua miwani yake akaisugua kwa shati.

"Mwanangu, hii habari naijua tangu mwezi ule ule. Bwana kodi aliniambia tukitoka kanisani. Kodi yote nimeilipa."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kununua kamba.

"Nilikuona stoo. Nikajua kuna kitu unakitafuta kwenye zile kamba. Nikasema ngoja akipate kwanza."

Mtu aliyepima ukubwa wa vipande vya gazeti. Nililia mpaka shati lake likalowa begani, naye akanipigapiga mgongo na kusema basi, basi, kesho kuna mzigo wa ndoo.

Sikwenda Bendera. Najua mnachotaka kuniuliza, na jibu ni kwamba sikwenda. Mwenzangu ameshaoa, nikamwambie nini, mbele ya mkewe? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini wajawazito hujifungua na miaka hupita, na kueleza jambo si kuvunja ndoa ya mtu. Ukweli ni kwamba nilimkasirikia tena. Angegonga! Angerudi Jumanne akanitazama usoni! Yeye alikwenda jela kwa kukataa neno moja, na mimi nilikaa miaka yote hii kwa kukataa sentensi moja. Tulifanana mno.

Niliolewa na yule wa Mamba. Alikuwa mtu mwema, mikono yake ilinukia tangawizi hata Sabato, na watoto wangu ni wake na siwabadilishi na chochote. Sikuwa na maisha mabaya, msinionee huruma. Ila kuna hamu isiyozeeka. Nimezeeka mimi, yenyewe bado ina miaka ishirini na imesimama nyuma ya migomba.

Sabato iliyopita mama mmoja wa Bendera alikaa karibu nami kanisani. Katika kupashana habari akamtaja mzee Sefania. Mkewe alishafariki. Macho yameisha kabisa, haoni, anashinda kibarazani anasokota kamba kwa kupapasa. Watu wanamletea katani ili asikae bure. Akasema na ubishi wake bado anao, na hapo tukacheka wote wawili, kila mtu na lake.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Leo na hiyo redio ndiyo wamenimaliza.

Wabishane tu kuhusu kodi, ni kazi yao. Ningekuwa na namba yao ya simu ningewapigia niwaambie kwamba wapo wanaonunua bila kupunguziwa chochote, na kwamba hamjui kitu cha mfungwa kinabeba nini mpaka kifike kwenye mikono kinayoitafuta. Halafu wangenikatia katikati waweke tangazo la sabuni.

Mchana niliburuta sanduku la chini ya kitanda. Ndani, chini ya kanga za msiba, kuna bunda moja la kamba. Ni la Alhamisi ile ya mtu wa Kigoma, bunda pekee ambalo sikulifungua. Nililinunua mwenyewe kwenye mshahara wangu. Limekauka, limekuwa jeusi kidogo, lakini fundo limekaa vile vile. Aliyelifunga simjui. Aliyemfundisha namjua.

Nimejaribu kufikiri nitasema nini na kila neno linanichekesha. Shikamoo siwezi, tumelingana umri. Samahani, hiyo labda ataisikia kutoka kwangu, kwa kuwa mmoja wetu lazima aanze. Lakini nadhani sitasema kitu kwanza. Nitakaa naye kibarazani, nichukue mikono yake niiweke juu ya fundo, alijue. Kisha niiache hapo hapo, nami nisukume mkia urudi ndani, taratibu, asikie linavyofunguka.

Na kama hatataka? Basi nitakuwa nimejibu. Swali la mtu lisikae mlangoni miaka yote hii.

Upepo bado. Maharage hayajachambuliwa, yatasubiri. Nimeshafunga mzigo mdogo: kanga mbili, tangawizi ya Mamba, dawa zangu za magoti, na bunda. Gari la Bendera linaondoka asubuhi na mapema. Kisu nakiacha nyumbani.